Nani Aliyeichafua Leseni ya Dereva wa Kawangware?



Yako masharti ya kazi ambayo kila mtu huyasoma upesi na kuyakubali, kwa kuwa kwa macho yanaonekana ni ya haki. Mojawapo ni hili la madereva wa utumishi wa umma: ya kwamba mwombaji awe na leseni halali ambayo haikuandikwa kosa lolote linalohesabiwa bado. Sharti hili limo katika mpango wa utumishi wa madereva wa Serikali, na waajiri wengine wameliiga katika matangazo yao ya kazi, hata ya kuendesha magari ya wagonjwa na ya zimamoto. Pamoja nalo huja mengine: cheti cha polisi cha tabia njema, mtihani wa udereva wa gredi ya tatu, cheti cha huduma ya kwanza cha mafunzo yasiyopungua juma moja, kama yale ya St. John Ambulance, na mara nyingi cheti cha udereva wa kujihadhari.

Hayo mengine hatuna ugomvi nayo. Dereva wa ambulansi asiyejua kuzuia damu ni abiria tu aliyeshika usukani. Tunalolitaka lizungumzwe ni lile la kwanza, la leseni kuandikwa kosa, maana wako wanachama wetu wa Kibera na Kawangware walioendesha matatu miaka kumi, kumi na tano, ambao wakiomba kazi hizi hurudishwa mlangoni. Hakuna anayewaambia kwamba hawajui kuendesha, wala hawajaribiwi barabarani. Karani hufungua faili, huona kosa moja la zamani, huifunga, na mambo yamekwisha.

Sisi twauliza: kosa hilo liliandikwaje, na liliandikwa na nani?

Kwanza tusema jambo moja wazi, ili asitokee mtu wa kutuambia kwamba Chama kinawatetea wauaji wa barabarani. Mwaka 2023, na tena mwaka 2024, NTSA ilihesabu watu zaidi ya 4,000 waliokufa barabarani nchini Kenya kila mwaka, na wengi kuliko kundi lolote jingine walikuwa watu waendao kwa miguu. Hao waendao kwa miguu ni nani? Ni sisi. Ni mama anayevuka Naivasha Road alfajiri kwenda kufua nguo za watu Lavington. Ni kijana anayetoka Laini Saba kwa miguu mpaka Industrial Area kwa sababu nauli haipo. Mwenye gari kubwa hafi kwa wingi hivyo, amezungukwa na chuma. Kwa hiyo dereva aliyekamatwa amelewa, ama aliyemgonga mtoto akakimbia, ama aliyeua kwa kuendesha kama mwendawazimu, huyo hatumwombei kazi ya ambulansi. Sheria ya Barabara inaweza kumfunga mpaka miaka 10 mtu aliyesababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari, na sisi hatuna machozi ya kumlilia. Mgonjwa aliyelala kwenye machela hawezi kuruka nje ya gari. Amekabidhi roho yake kwa mtu asiyemjua.

Hilo limekwisha kusemwa, na asirudi mtu kutuuliza tena.

Sasa tutazame leseni ya dereva wa kawaida wa matatu namba 46, kutoka Kawangware kwenda mjini. Gari si lake. Asubuhi hukabidhiwa ufunguo na kuambiwa hesabu ya tajiri: jioni alete fedha kadha wa kadha, mafuta yatoke kando, na kitakachobaki wagawane yeye na makanga. Mvua ikinyesha, barabara ikifungwa, hesabu ni ile ile. Kanuni za NTSA za mwaka 2014 juu ya magari ya abiria zilitaka magari yawe chini ya sako ama kampuni zenye magari yasiyopungua 30, na wafanyakazi wake waajiriwe kwa kufuata sheria za kazi. Mwanachama yeyote ajiulize ameuona mkataba wake wapi. Sako zilikuja, rangi za magari zikabadilika, lakini hesabu ya jioni ikabaki pale pale.

Dereva huyo anafika steji. Steji gani? Kawangware ina watu wa kuijaza miji kadhaa, na mahali pa kusimama matatu ni ukingo wa barabara, katikati ya mwenye nyanya, mwenye mitumba na mkokoteni wa maji. Kaunti inatoza gari hilo ada ya kuegesha, na fedha inapokewa. Kisha gari likisimama, afisa wa trafiki anakuja na kumwandikia dereva shtaka la kuzuia njia. Katika kanuni za makosa madogo za mwaka 2016, asiyefunga mkanda alipangiwa faini ya shilingi 500, anayeongea na simu huku akiendesha shilingi 2,000, na anayezuia njia shilingi 10,000. Mtu anayeendesha akiwa na simu sikioni anaweza kukuua, lakini faini yake ni moja ya tano ya yule aliyesimama mahali ambapo hakujengwa mahali pengine pa kusimama.

Tairi zikiwa zimekwisha, anayekamatwa barabarani ni dereva. Spidi gavana ikiwa imechezewa, na fundi aliitwa na tajiri, anayekamatwa ni dereva. Ukaguzi wa gari ukiwa umepita wakati, bima ikiwa imekwisha jana usiku, dereva. Twajua sheria inaruhusu mwenye gari naye ashtakiwe. Lakini mwenye gari hayuko pale Dagoretti Corner saa kumi na mbili asubuhi. Yuko kitandani, na nambari yake ya simu haipokelewi. Kosa ni la mali yake, na doa linaingia kwenye leseni ya mtu mwingine.

Tena hesabuni jambo hili, kwa kuwa wenye ofisi hawalihesabu. Dereva wa 46 hupita mbele ya polisi mara ngapi kwa siku? Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, tangu kabla ya jua mpaka usiku, siku sita kwa juma. Tangu Februari 2004, zilipoanza kutumika kanuni ambazo watu waliziita za Michuki, dereva wa matatu amevalishwa sare na beji, akatakiwa picha yake na cheti cha polisi, na gari lake likapigwa mstari wa manjano ili lionekane kutoka mbali. Hatukuzipinga kanuni hizo kwa ubaya wake. Mikanda iliokoa watu. Lakini mtu aliyepigwa alama ili asimamishwe, akasimamishwa mara elfu kwa mwaka, ataonekana na makosa mengi kuliko bwana wa gari la binafsi anayesimamishwa mara moja Krismasi na kuachiliwa kwa saluti. Leseni ya bwana huyo ni nyeupe. Aombe kazi ya kuendesha gari la moto, atapita dirishani pa kwanza, na huenda hajawahi kuendesha gari refu kuliko gari la kwenda nalo kanisani.

Tuje kortini. Wanachama waliokwisha kupelekwa Mahakama ya Kibera ama Milimani hawahitaji kuelezwa, lakini vijana wapya wasome vizuri.

Siku ya msako hukamatwa wengi pamoja. Ilikuwa hivyo Novemba 2018, Serikali ilipotangaza kurudisha kanuni za Michuki kwa nguvu, magari yakajificha na watu wa Nairobi wakatembea kwa miguu kwenda kazini. Ilikuwa hivyo tena Machi 2022 kwa ndugu zetu wa boda boda, baada ya kundi la waendeshaji kumshambulia mwanamke mmoja katika Barabara ya Profesa Wangari Maathai. Kitendo kile kilikuwa cha aibu, na waliokitenda walistahili kushtakiwa. Lakini nyavu zilitupwa mji mzima, pikipiki zikabebwa kwa malori, na mtu wa Olympic ama wa Gatina ambaye siku ile hakufika hata karibu na barabara hiyo akajikuta analala seli. Mpaka korti ilipoingilia kati, walikuwa wamekwisha kukamatwa wengi.

Asubuhi wanaingizwa kortini kwa kundi. Shtaka linasomwa upesi. Dereva anajua mambo matatu: akikana, atahitaji dhamana, na dhamana ni fedha, kesi itaahirishwa, na kila siku ya kesi ni siku bila gari, na tajiri hatamngoja, kesho asubuhi ufunguo utakuwa mkononi mwa mwingine. Akikubali, faini italipwa kwa mchango wa wenzake, na saa nane atakuwa steji. Basi anasema, "Ni kweli." Maneno mawili. Hakuna wakili, hakuna aliyepima barabara, hakuna aliyeuliza tairi ni za nani. Maneno hayo mawili aliyasema ili watoto wale jioni ile, nayo yanaweza kukaa katika faili mpaka watoto wale wale wamalize shule.

Ndiyo sababu twasema ya kwamba rekodi mbaya ya dereva maskini mara nyingi ni rekodi ya umaskini wake. Inaonyesha kwamba hakuwa na fedha za dhamana.

Liko na jambo jingine, ambalo wakubwa hulijua na hawalisemi katika mikutano. Wako madereva wawili waliosimamishwa siku moja, mahali pamoja, kwa kosa moja. Wa kwanza alikunja noti ndani ya leseni akaitoa, ikarudi bila noti, akaenda zake. Wa pili alikataa kutoa kitu kidogo, ama hakuwa nacho, akapelekwa kortini. Miaka mitatu baadaye wote wawili wanaomba kazi ya ambulansi. Karani anazitazama leseni: ya wa kwanza safi, ya wa pili imeandikwa. Anamchukua nani? Anamchukua mtoa rushwa! Kisha watashangaa, mafuta ya gari la wagonjwa yakianza kupotea. Sharti lililowekwa kumtafuta mtu mwaminifu limekuwa chujio linalomwaga unga na kubakiza makapi, na hapana mtu katika idara hizo anayetaka kulisema, kwa sababu akilisema atakuwa amekiri kwamba barabarani leseni husafishwa kwa noti.

Wazee wetu walijua vitu vya namna hii. Kuanzia mwaka 1920 mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande, chenye alama za vidole vyake, ndani ya kijaluba cha bati shingoni. Ndani yake mwajiri aliandika tarehe ya kuajiriwa na ya kuachishwa, na mtu ambaye bwana wake hakumtilia sahihi ya kuondoka hakuweza kuajiriwa kwingine. Mfanyakazi alibeba shingoni maneno ya mtu mwingine juu yake, na hakuwa na mahali pa kuyajibu. Kipande kiliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1940 baada ya watu kukipigania sana. Na Oktoba 1949 madereva wa teksi wa Nairobi waligoma kupinga kanuni mpya za Manispaa juu ya kazi yao, na chama cha wafanyakazi wa usafiri, ambacho Fred Kubai alikuwa kiongozi wake, kilisimama pamoja nao. Hatusemi kwamba leseni ya leo ni kipande. Leseni hupewa raia huru, na ni lazima iwepo. Lakini karatasi inayomfuata mfanyakazi bila yeye kuulizwa, isiyotenganisha kosa kubwa na dogo, na inayosomwa na karani peke yake chumbani, hiyo tunaijua harufu yake.

Sasa wako watakaosema: haya ni mambo ya madereva wachache wanaotafuta mshahara wa mwezi, yawahusu nini wengine? Yanamhusu kila mtu anayelala Kibera na Kawangware.

Oktoba 2024 moto uliwaka Toi Market, watu wakafa na vibanda vikateketea. Kila mwenyeji wa pale anajua jinsi moto unavyokimbia katika mabati na mbao, na jinsi gari la zimamoto linavyohangaika kupata njia. Julai 2018 Serikali ilibomoa nyumba na shule ndani ya Kibera ili kupitisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road. Maelfu ya watu walitolewa. Barabara ipo sasa. Lakini ukiiacha barabara hiyo na kuingia Gatwekera, Lindi, Mashimoni ama Silanga, unarudi kwenye vichochoro ambamo hata mkokoteni hupishana kwa shida. Gari laweza kufika mpaka wapi? Upande gani daraja la mbao haliwezi kubeba uzito? Jumapili soko likijaa, ni njia gani ya nyuma inayobaki wazi? Mambo haya hayamo katika ramani ya ofisi. Yamo kichwani mwa mtu aliyezaliwa Makina akaendesha gari pale maisha yake yote. Usiku wa manane mama wa Soweto akishikwa na uchungu, anayemjua mtu wa namna hii amepona nusu. Asiyemjua husubiri gari lililoegeshwa barabarani huku dereva wake akipiga simu kuuliza njia, mpaka majirani wambebe mgonjwa kwa blanketi.

Na nani anayewabeba wagonjwa wengi wa Kawangware sasa hivi? Boda boda. Mgonjwa katikati, jamaa yake nyuma amemshika, dereva mbele, wanakwenda Riruta ama Mbagathi. Hakuna sharti lililowekwa hapo, hakuna faili lililofunguliwa. Watu wale wale ambao ofisi imewaona hawafai kuendesha ambulansi ndio ambulansi ya maskini, bila king'ora, bila machela, bila mshahara. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Matibabu ya dharura huanzia pale mgonjwa alipoanguka. Hayangoji mlango wa hospitali.

Waajiri wana jibu lao tayari. Husema: mtaka kazi mwenye kosa, kampuni ya bima haimtaki. Vizuri, na watuonyeshe barua ya bima. Kampuni ya bima inayojua kazi yake huuliza ni kosa gani, lilitokea lini, na limerudiwa mara ngapi, kwa kuwa inatafuta hatari na haitafuti usafi wa karatasi. Dereva aliyekutwa mara tatu akipita kasi ni hatari. Dereva aliyesimama vibaya mara moja mwaka 2017 si hatari kwa mtu yeyote isipokuwa kwa karani anayependa faili nyepesi.

Wengine hutuambia tutazame nchi zilizoendelea, ati huko hakuna mchezo. Tumetazama. Uingereza, ambako sheria nyingi za barabara zetu zilitoka, makosa hupewa pointi kwa ukubwa wake, na anayefikisha pointi 12 ndani ya miaka 3 aweza kunyang'anywa leseni. Alama ya makosa mengi hukaa kwenye rekodi miaka 4, na ya ulevi hukaa miaka 11, kisha hutolewa. Yako mashirika ya ambulansi huko ambayo humkubali mwombaji mwenye pointi 3, kisha yanampima barabarani yenyewe na kumfundisha upya kuendesha kwa king'ora. Hao si watu wa mchezo. Wamejifunza tu kupima. Hapa kwetu, leseni ya kadi yenye chipu ilipoanza kutolewa mwaka 2017, tuliambiwa habari za pointi. Wengi wetu tulilipa shilingi 3,000 tukachukua kadi. Chipu tunayo mfukoni, na tajiri ndiye asiye na chipu wala pointi. (Tusidanganyane: pointi zenyewe, zikija bila kumgusa mwenye gari, zitakuwa fimbo mpya kwenye mgongo ule ule.)

Hivyo twataka nini? Twataka kila mwajiri wa magari ya wagonjwa na ya moto, awe kaunti, awe shirika, awe hospitali, aandike wazi ni makosa gani yanayomzuia mtu na kwa miaka mingapi. Ulevi, kukimbia baada ya kugonga, kuua ama kujeruhi kwa uendeshaji wa hatari, kukutwa tena na tena na mwendo wa kasi: hayo yaandikwe, nasi tutayatilia sahihi. Kuzuia njia, kushusha abiria mahali pasipo na steji, tairi na bima za tajiri: hayo yasihesabiwe hata kidogo katika kazi ambayo gari, tairi na bima ni za mwajiri mwenyewe. Mwombaji mwenye kosa aitwe, aonyeshwe, aulizwe. Kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya mwaka 2015 zinampa mtu haki ya kusikizwa na ya kupewa sababu kwa maandishi pale ofisi ya umma inapoamua jambo la kumwumiza. Kisha apimwe barabarani, kwenye Naivasha Road saa kumi na mbili jioni, si kwenye uwanja mtupu wa majaribio. Hapo ndipo mtajua nani dereva.

Na twataka mwenye gari ashtakiwe kwa ubovu wa gari lake. Hili tumelisema miaka mingi na tutalisema tena mwezi ujao.

Kwa wanachama, yako ya kufanya kabla ya wakubwa kuamka. Usiseme "Ni kweli" kwa jambo ambalo si la kweli. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema mtu aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, na kinasema tena kwamba mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, ama kifungo kisichozidi miezi sita. Madereva wengi hawalijui hili, na wako wanaofurahi kwamba hamlijui. Shtaka likiwa la tairi ama la ukaguzi, mwambie hakimu gari ni la nani, na umwombe iandikwe. Piga picha ya gari kabla ya kulitoa asubuhi, na mtumie tajiri ujumbe wa ubovu kwa simu ili uwe na ushahidi wa siku na saa. Noti ndani ya leseni iachwe kabisa. Kila noti inayopita inampa mtoa rushwa kazi ambayo ingekuwa ya ndugu yako. Risiti ya faini itunzwe kama cheti cha kuzaliwa, kwa maana faili za korti hupotea na doa halipotei. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuomba kuonyeshwa maandishi yanayokuhusu na kutaka yasahihishwe yakiwa na makosa. Omba kwa barua, na uweke nakala.

Na ninyi mnaokunywa kabla ya kushika usukani, mnajijua. Chama hakitalipa dhamana yenu, wala hakitaandika barua yenu. Kila mmoja wenu anayegonga mtu huwapa wenye ofisi sababu ya kuwafungia mlango wengine mia.

Kamati ya tawi imeanza kukusanya majina ya wanachama wa Kibera na Kawangware walionyimwa kazi ya ambulansi ama ya zimamoto kwa sababu ya leseni. Mwenye habari hizo alete ofisini leseni yake, barua ya kukataliwa kama alipewa, na kama hakupewa aandike tarehe na ofisi aliyokwenda, pamoja na risiti za korti alizonazo. Asiyejua kuandika ataandikiwa na katibu, bila malipo. Madereva wanawake waje pia, kwa kuwa tumesikia wao huulizwa maswali zaidi ya haya. Ofisi iko wazi Jumamosi tangu saa tatu asubuhi mpaka saa saba, na anayefanya kazi Jumamosi ampe mwakilishi wa steji yake karatasi hizo siku ya Ijumaa.